Nilichokiona Kutoka Dunguni

Sisi tuliokulia madunguni tunajuana hata tukikutana harusini tumejipamba. Ndege akilia juu ya paa, wenzetu wanaendelea na biriani yao, sisi shingo zinageuka na mkono unatafuta cha kurusha. Ndivyo tulivyolelewa katika mabonde ya mpunga ya Pujini. Mpunga ukianza tu kutia maziwa, kila nyumba ilipeleka mtoto wake dunguni, yaani kwenye kichanja cha miti kilichoezekwa makuti, akapanda kabla umande haujakauka na asishuke mpaka ndege wenyewe waamue kwenda kulala. Kazi hiyo tukiiita kuwinga. Vijana wa leo ukiwatajia neno hilo wanauliza linapakuliwaje kwenye simu.

Tulikuwa na silaha zetu. Debe bovu lililotiwa kokoto, limefungwa kamba ya makumbi ndefu inayopita katikati ya mpunga, ukiivuta bonde zima linasikia. Madonge ya udongo tuliyoyakausha wenyewe, na teo la kuyatupia. Na sauti, sauti zetu zile! Nilikuwa na umri wa miaka minane na nikiweza kupiga ukelele ukafika hadi njia ya Chake. Wanangu hawaamini, maana siku hizi nikimwita mtu aliyeko ukumbini lazima nimpigie simu. Saa nne Mama alituletea muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki mkavu wa ng'onda, na mpunga ukikaribia kukomaa tulikula pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, ukachanganywa na nazi na sukari. Harufu ya pepeta kinuni sijaisikia tena miaka mingi. Inauzwa sokoni kwenye mifuko ya plastiki, lakini ile siiamini.

Mimi vitu vingi siviamini, na nisingependa msomaji agundue katikati ya safari. Nimerithi kwa Bibi, mama yake Mama, ambaye ndiye niliyekaa naye dunguni. Bibi aliwafunga kuku wake vitambaa miguuni, kila mmoja rangi yake, na mayai akayatia alama ya mkaa, ili kuku wa jirani asije akataga kwetu halafu jirani akadai vifaranga. Samaki aliyenunuliwa na mtu mwingine alimnusa mara mbili. Mgeni akija kuomba maji, Bibi alimtazama miguu kwanza, ajue katokea njia ipi, ndipo aitikie salamu. Nikiwa skuli, mwalimu alipotufundisha kwamba dunia inazunguka, nilirudi nikamwambia, naye akasema, "Kamuulize yeye kaiona wapi."

Naandika haya kwa sababu macho hayo niliyorithi, mwaka huu, nusura yamharibie ndugu yangu ndoa. Hamad ni mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba, fundi seremala, mkewe kafariki miaka miwili iliyopita bila ya kumwachia mtoto. Tangu hapo alihamia kwangu Tibirinzi. Mimi mume wangu katangulia zamani na watoto wako mbali, basi tukawa wawili. Nilimpikia, naye akanitengenezea kila kitu kilicholegea ndani ya nyumba. Halafu baada ya Ramadhani akaniambia anataka kumposa Zuwena, binti wa Bi Zayana, aliyekuwa jirani yetu Pujini, ambaye ameachika na anaishi Wete. Nami papo hapo, na sinia la ndizi mkononi, nikasema, "Zuwena vyereje? Si mlinyonya ziwa moja?"

Kwa asiyejua uzito wa maneno hayo, waliochangia ziwa la mama mmoja wakiwa wachanga ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hamad alinipokea sinia, akaliweka chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia niliona kwa macho yangu, kutoka dunguni.

Sasa inabidi nieleze nilikuwa naona nini huko dunguni, maana si mpunga peke yake. Pembeni ya dungu letu palikuwa na mnazi mfupi ulioinamia kijito, na mnazi huo ulikuwa mji wa minana. Walioishi shamba wanawafahamu, ndege wadogo wa manjano, wasuka viota, wanaochana makuti ya minazi mpaka mti ukabaki vijiti. Viota vilining'inia thelathini, arobaini, mlango kwa chini, na kelele zao zilishinda harusi. Bibi aliwachukia kwa sababu ya mpunga, lakini aliwatazama kuliko alivyoutazama mpunga. Na mimi nikatazama anachotazama yeye.

Dume ndilo lililosuka. Lilikata ukingo wa ukuti kwa mdomo, likaruka nao na kuuchana ukawa uzi mrefu wa kijani, likaenda kuufunga kijitini. Kwanza linasuka duara, linasimama ndani yake kama mtu mlangoni, halafu linazungushia ukuta mpaka nyumba ikatimia. Ikishatimia linaning'inia chini ya mlango kichwa chini, linapiga mbawa na kupayuka, kila jike linalopita lijue. Jike linakuja, rangi yake imepauka, halina makeke. Linaingia. Linavuta uzi mmoja, linavuta wa pili, kuona kama vinashika. Likiridhika linaanza kutandika manyoya na majani laini ndani. Lisiporidhika linaondoka, na dume linabaki linapayuka peke yake. Kiota kikikaa siku nyingi bila mwenyewe kikabadilika rangi kuwa hudhurungi, majike hayakitazami tena, na dume lenyewe linakifumua uzi kwa uzi na kuanza upya. Siku hizi bwana harusi anaazima hata kanzu na bado anataka asifiwe.

Madume tuliyapa majina. Palikuwa na Bwana Haraka, aliyesuka viota vibovu vikaanguka. Palikuwa na Mkorofi, ambaye hakuchana ukuti hata siku moja, aliiba nyuzi za jirani mwenye kazi. Na palikuwa na Maalim, kiota chake kimekazwa vizuri, jike limeingia mapema na mayai limetaga. Huyo ndiye tuliyemwonea huruma, maana Bibi aligundua jambo. Maalim akienda kutafuta chakula, Mkorofi anakuja. Na si nyuzi tu alizozifuata.

"Waona?" Bibi alininong'oneza, kana kwamba ndege watasikia. "Mwenye nyumba kenda zake, jirani kaja kuamkia. Na mke kanyamaza."

Na huyo mke wa Maalim naye tulimshuku. Tulimwona anatoka kiota cha Maalim, punde tunamwona anaingia kiota cha upande wa pili, kwa dume jingine kabisa. Anatoka huku, anaingia kule. Bibi alipiga ulimi. Nilimpa jike yule jina ambalo Mama angelisikia angenitia pilipili mdomoni.

Siku moja upepo ulivunja kuti, likaanguka na viota vitatu. Nilishuka mbio. Viwili vilikuwa tupu, na cha tatu, kiota cha Maalim, kilikuwa na mayai matatu ambayo kwa rehema ya Mungu hayakupasuka. Mawili yalikuwa samawati, safi, hayana doa. La tatu lilikuwa jeupe lenye madoa ya kahawia. Nilimpelekea Bibi kwenye kiganja. Aliligeuzageuza lile lenye madoa, akalinyanyua juani, akalinusa.

"Mama mmoja hatagi rangi mbili," alisema. "Hili limeletwa."

"Kaleta nani, Bibi?"

"Anayejua ni aliyeleta. Na aliyeleta hasemi."

Nadhani hapo ndipo mimi nilipoharibika. Mtoto wa miaka minane akishaambiwa kwamba ndani ya nyumba iliyosukwa vizuri namna ile kuna yai lisilo la mwenyewe, basi hatazami tena nyumba yoyote kwa amani. Nilirudi nyumbani nikaanza kutazama pua za watu. Nilimtazama binamu yangu mwenye masikio makubwa na baba yake mwenye masikio madogo. Nilimtazama Hamad wetu, mchanga wa miezi michache, mweupe kuliko sisi sote, nikajiuliza.

Na wakati huo ulikuwa wa mavuno. Wanawake waliingia bondeni na visu vidogo, wakavuna shuke moja moja, migongo imeinama toka asubuhi. Watoto wachanga hawakubebwa juani. Walilazwa kwenye kibanda cha makuti ukingoni mwa bonde, kwenye mkeka mmoja, watano au sita, na kila siku mama mmoja alibaki kuwaangalia kwa zamu. Mtoto akilia sana na mama yake yuko mbali matopeni, anayeangalia alimpa ziwa lake, akanyamaza. Ilikuwa kawaida. Lakini ilikuwa na utaratibu wake. Jioni aliyemnyonyesha mtoto wa mwenziwe alikwenda mpaka nyumbani kwao, akasema mbele ya watu, "Leo nimempa ziwa mwanenu fulani, mjue." Watu wakajua, wakaweka kichwani, siku ya kuozeshana wasije wakakosea. Hakuna aliyeandika popote.

Bi Zayana alikuwa shoga yake Mama hasa. Wao ni watu wenye asili ya Oman, walikuwa na mashamba makubwa zamani, wakati wetu walikuwa wamebakiwa na mikarafuu michache na bonde kama sisi, na Bi Zayana alivuna kwa kisu kidogo kama mwingine yeyote. Walijifungua yeye na Mama wiki moja, Mama akampata Hamad na yeye akampata Zuwena. Walikuwa wakipikiana, wakisukana nywele, na wakinunua doti ya kanga basi wanaikata, kila mmoja kipande chake. Bibi hakumpenda sana. Alisema Bi Zayana anasema mno.

Nilichokiona ni hiki. Ilikuwa mchana, ndege wametulia kwa joto, Mama yuko matopeni katikati ya bonde. Zamu ya kibandani ilikuwa ya Bi Zayana. Nikamwona kaketi na mguu mmoja kaukunja, kapakata mtoto aliyezongwa katika kanga nyekundu ya korosho nyeupe, anamnyonyesha. Hiyo kanga ni ya Hamad wetu, asubuhi nimemwona Mama anamzonga nayo. Nikamwambia Bibi. Bibi akakazana kutazama, jicho lake lilikuwa limeanza mtoto wa jicho.

"Kuona vizuri?"

"Nimeona, Bibi. Hamad ananyonya kwa Bi Zayana."

"Nyamaza," alisema. "Usilinene."

Jioni nilimsubiri Bi Zayana aje kusema. Nilikaa barazani na mdako wangu, kokoto narusha na kudaka, jicho kwenye njia. Hakuja. Kesho hakuja. Na kwa kuwa Bibi alikuwa ameniambia ninyamaze, nikajua lipo. Nikalihifadhi. Nilihifadhi miaka yote, nikaolewa nalo, nikazaa nalo, Mama akafa, Bi Zayana akafa, Bibi alikwishakufa zamani, na mimi nikabaki peke yangu na yule mtoto aliyezongwa kanga nyekundu. Nami nikamtoa siku ndugu yangu alipofurahi kwa mara ya kwanza tangu azike mkewe.

Habari ilifika Wete kabla ya jua kuchwa. Ami Seif, baba mdogo wa Zuwena ambaye ndiye walii wake, mwenye haki ya kumuoza, alikuja Tibirinzi yeye mwenyewe, mzee wa watu, kavaa kofia mpya. Hakupandisha sauti. Alikunywa chai akauliza niliona nini. Nikamweleza. Akauliza niliona mara ngapi. Nikamwambia mara moja.

Hamad aliyekuwa kasimama mlangoni alisema, "Ami, shehe wetu anasema mara moja haitoshi. Anahesabu mara tano, tena za kushiba."

"Hiyo ni kwenu, mwanangu," Ami Seif alisema kwa upole. "Nyinyi mnakwenda kwa Imamu Shafi. Sisi ni Ibadhi. Kwetu hata mara moja yatosha. Siwezi kumuoza ntoto wa ndugu yangu kwa nduguye." Akanigeukia mimi. "Bi Mize, hakuna aliyebaki ila weye. Fikiri. Ukiniambia una hakika, mambo yamekwisha, na hatutalaumiana."

Nikamwomba wiki chache. Kwa nini niliomba, na mimi nilikwisha kusema nina hakika? Hilo nalo nimejishuku. Wiki hizo Hamad hakunisemesha kwa ubaya hata mara moja. Aliamka, akanywa chai, akaenda karakana yake, akarudi, akala. Lakini aliacha kutengeneza vitu. Mlango wa jikoni ulilegea bawaba, ukawa unakwaruza sakafu, naye anaupita. Usiku naufunga kwa kuuinua kwa mikono miwili, nikijiambia ni heri mlango mbovu kuliko dhambi ya kuozesha ndugu.

Wakati huohuo, kule shambani Pujini, kulikuwa na vijana wawili wa chuo kikuu, mvulana na msichana, wanaochunguza minana. Walipokuja kuniomba ruhusa mara ya kwanza niliwanyima. Nilishuku wametumwa kupima ardhi. Nilipoambiwa wanawakamata ndege na kuwatoa tone la damu nilishuku zaidi, damu ya ndege ni ya nini kama si mambo ya kishirikina? Lakini yule msichana, Sabra, ana adabu, ananiamkia kwa mikono miwili, basi nikawaachia kwa sharti kwamba niwe nakwenda kuwatazama. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda na kijamanda cha maandazi, nikaketi kwenye gogo.

Walinieleza wanachokitafuta nikacheka mpaka machozi. Wanataka kujua kila kinda baba yake nani! Kwamba katika ndege wanaotaga kwa kundi, dume hulinda kiota na kusaidia kulisha kinda ambalo pengine ni la jirani, na jike huweza kutaga hata katika kiota cha mwenziwe. Damu ndiyo inayosema. Nikawaambia haya bibi yangu aliyajua akiwa hajui kusoma, tena bila ya kumchoma ndege sindano. Nikawasimulia habari za Maalim, Mkorofi na yai lenye madoa. Sabra aliandika kwenye daftari, akasema Bibi alikuwa na macho ya utafiti. Nilivimba kichwa Ijumaa nzima.

Ijumaa iliyofuata ndiyo niliyovuliwa nguo. Tulikuwa tumekaa, nikaona jike linatoka kiota cha kulia, punde linaingia kiota cha kushoto. Nikamshika Sabra mkono.

"Ntazame huyo! Kama yule wetu wa zamani. Katoka kwa mumewe, kaingia kwa jirani, mchana kweupe."

Sabra alinipa ile darubini yao. "Hebu mtazame mguu, Bi Mize."

Nilitazama. Alichomoza mlangoni kule kushoto, mguuni ana kipete cha njano walichomvisha wao.

"Sasa mtazame huyo anayerudi kule kulia, ndiye uliyemwona anatoka."

Kwenye kiota cha kulia alitua jike mwingine. Kipete chekundu. Walikuwa wawili. Rangi moja, kimo kimoja, mwendo mmoja, na wawili.

"Zamani sisi pia tulikosea hivyohivyo," Sabra alisema. "Bila ya pete huwezi kuwatofautisha. Wapo wanaokwenda kwa jirani kweli, damu inaonesha. Lakini huwezi kumhukumu huyu kwa kuwa umeona mwingine aliyefanana naye."

Nilirudisha darubini. Nilikuwa siwafikirii tena ndege. Nilikuwa najiuliza, siku ile dunguni, mimi Hamad nilimjua kwa kitu gani? Uso nisingeweza kuuona, kibanda kilikuwa ng'ambo ya bonde. Sikusikia kilio chake. Nilimjua kwa kanga. Na kanga ile, doti ile nyekundu ya korosho nyeupe, Mama alikuwa na kipande kimoja. Kipande cha pili alikuwa nacho Bi Zayana, na mtoto wa Bi Zayana alizongwa na nini kama si hicho?

Nilikaa kwenye gogo lile mpaka vijana wakafunga vyandarua vyao vya kunasia ndege. Miaka yote nilimshuku mwanamke kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Na lile nililolifanya ushahidi mkubwa, kwamba hakuja kutangaza, ndilo lililonichoma zaidi. Bi Zayana! Mwanamke ambaye akiazima chungio lako alikutangazia kwa majirani watatu ili asije akasahau kurudisha. Mtoto wa mgeni wa kutoka kisiwa cha Fundo alipompa ziwa mara moja, alivuka bahari kwenda kuwaambia wazazi wake. Huyo ndiye angenyonyesha mtoto wa shoga yake wa kufa na kuzikana akanyamaza? Hakuja kusema kwa sababu hakuwa na la kusema. Na Bibi aliponiambia ninyamaze hakuwa anaficha kitu, alikuwa anamzuia mtoto kusema asilolijua, lakini nilikuwa nimemzoea akishuku watu hata sikumjua alipokuwa anamsetiri mtu.

Siwezi kusema kwamba hakika alikuwa ni Zuwena. Huenda alikuwa Hamad. Hapana damu ya kupima maziwa ya miaka arobaini. Lakini mimi nilikuwa nimesema nina hakika, na hakika sikuwa nayo.

Nilimkuta Hamad uani, anaosha baiskeli. Sikungoja hata kuvua viatu.

"Hamad, siku ile nliona kanga. Ntoto sikumwona." Nikamweleza habari ya doti.

Aliacha kitambaa kwenye ndoo.

"Kujua lini?"

"Leo."

"Na kabla ya leo hukuwa na shaka hata kidogo, Dada? Weye, unayeshuku maji ya mfereji?"

Hapo ningeweza kumjibu mengi. Nilikuwa mdogo, mbali, Bibi aliniambia. Yote ni kweli. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya Mama, nami nikaona aibu kuendelea kujificha.

"Nilikuwa sitaki uondoke," nikamwambia. "Wallahi sikujua kama ndiyo sababu. Lakini nadhani ndiyo."

Hamad akainama akaendelea kuosha gurudumu, muda mrefu, gurudumu ambalo lilikwisha kutakata. Kisha akaingia ndani, nikasikia anatafuta bisibisi, akautengeneza mlango wa jikoni.

Kesho yake tulikwenda Wete pamoja. Nilimweleza Ami Seif mbele ya Zuwena aliyekaa nyuma ya pazia, tena mara mbili, pasibaki neno. Mzee alisikiliza, akauliza tu kama katika miaka yote Bi Zayana aliwahi kunena lolote. Nikasema hapana. Ndipo akacheka, mara ya kwanza namwona meno.

"Zayana? Shemeji yangu yule kumpa ntoto wa watu ziwa akanyamaza? Akipiga chafya tulijua mpaka Konde." Akajifuta macho. "Basi, Bi Mize. Mimi kanga sizipokei ushahidi. Na weye hukuona. Nenda kalete posa."

Waliozwa mwezi uliofuata, msikitini Wete, na biriani niliipika mimi.

Nawaona mama wa siku hizi nikicheka moyoni. Mtoto hajakatwa kitovu, picha zake zimeshafika Maskati na Dubai, saa aliyozaliwa, uzito wake, alivyopiga miayo. Hakuna Mize atakayemkosea mtoto wa nani kwa kanga. Kila kitu kinajulikana, na anayeshuku apimiwe damu. Lakini mtoto wa nyumba ya pili akilia mchana kutwa, tunafunga dirisha, maana si wetu na hatujui mama yake atachukuliaje. Zamani zile mpunga ulikuwa mchache, macho ya Bibi yalikuwa makali, mimi nilikuwa shetani mdogo mwenye teo, na pamoja na hayo yote mama aliweza kumlaza mwanawe kwenye mkeka na wa wenziwe, akashuka bondeni na kisu chake, akavuna mpaka jioni bila ya kugeuka nyuma. Aliamini kwamba mwanawe akilia atanyamazishwa. Mimi nilikaa juu kabisa, naona kila kitu, na hilo ndilo nililokuwa silioni.

Hamad anakaa Wete sasa. Kila usiku baada ya isha ananipigia simu, nyuma yake nasikia Zuwena anapakua. Ananiuliza, "Dada, kula?" Nami namwambia nimekwisha kula zamani, naye ananiamini.